Uso Niliokuficha, Baba

Bugembe, Jinja

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Naona kama barua hii itakukuta barazani, miguu juu ya kigoda, redio inasema nawe unaijibu. Ule mguu unaokufa ganzi unaendeleaje? Na kifua cha Mama kimeachia? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula, dukani hakuna baya. Moyo ndio hauko sawa, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nikisikia sauti yako nalia, wewe unaanza kunibembeleza, tunaagana na neno lenyewe halijasemwa.

Najua atakayekusomea ni Mghoi. Mdogo wangu, nakuomba usome kila neno, hata yale ya kunifedhehesha. Usilainishe wala usiruke. Ukifika pagumu kunywa maji, kisha endelea pale pale ulipoachia.

Baba, kamera ya simu yangu haikuharibika. Haikuwahi kuharibika hata siku moja.

Unakumbuka ulinipigia baada ya Pasaka, ukaniambia daktari amesema presha ya macho imeshakula sehemu kubwa, na unachoona kimebaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hukulalamika. Ulisema tu, "Mama, panga uje nikuone kabla tundu halijaziba." Unaniita Mama kwa kuwa nimebeba jina la marehemu nyanya, na Voi nzima inajua nimebeba na sura yake. Ulikuwa na miaka tisa alipofariki, na picha yake haikubaki hata moja. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinisimamisha dirishani penye mwanga, unaniangalia, unawaambia wageni kwamba picha ya mama yako ndiyo hii. Wenzangu walirithi mashamba, mimi nilirithi uso. Na niliringa nao, Mghoi ni shahidi, maana kioo cha nyumba ile hakukiona mpaka nilipohama.

Basi siku uliyonipigia, uso huo haukuwapo.

Chunusi zilianza mwaka jana, mbili tatu kidevuni, nikadhani ni zile za kila mwezi. Zikapanda mashavuni, zikashuka shingoni, kubwa, zenye usaha, zinauma hata zikiguswa na mto. Mtu wa miaka ishirini na sita kutokwa na chunusi kama mtoto wa shule! Nilipaka kila nilichoambiwa: liwa, limau, dawa ya meno. Limau lilinichoma, dawa ya meno ikanifanya nicheke mwenyewe kwenye kioo, chunusi zikaendelea na shughuli zake. Unajua kazi yangu ni kuuza vyombo vya plastiki kwa jumla, na kila Alhamisi naandamana na lori kupeleka mzigo Mbale. Huko kuna mama mmoja mwenye duka, mteja wetu wa siku nyingi. Siku moja alipokea risiti yangu kwa ncha za vidole, kisha akaenda kunawa. Sikumwambia mtu.

Ndipo uliponiambia nije. Nikawaza: huyu baba ana nafasi moja tu iliyobaki ya kumwona mama yake, na mimi nimpelekee uso huu? Nikaona heri nisubiri nipone kwanza. Nikakujibu nitakuja Agosti. Sauti yako ilichangamka, nami nikafurahi kwamba nimepata muda.

Mwishoni mwa Juni nikaenda kliniki moja ndogo kule Mpumudde. Anayetibu pale ni mzee wa kutoka kaskazini, alikuwa daktari wa jeshini kabla ya kustaafu, na mpaka leo kila mtu anamwita Afande. Akanitazama uso bila kukunja wake, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, akanipa dawa ya kupaka na antibayotiki za kumeza, vidonge vya ganda, nusu kijani nusu manjano.

"Hii kazi ya miezi tatu," akasema. "Moja asubui, moja jioni. Maji mingi. Hapana lala juu yake. Na jua, wewe kimbia jua."

Nilimsikia kama tunavyomsikia mchungaji wakati wa matangazo. Jioni ya kwanza nimechoka, nikameza kidonge kwa funda moja la maji, nikajitupa kitandani. Kikakwama kifuani, Baba. Siku nne kila tonge lilikuwa linapita kama kaa la moto. Baada ya hapo nikanywa maji ya kutosha, lakini tumbo nalo likaanza, kichefuchefu, kiungulia, nikiwa dukani nafunga beseni nimeshika mdomo.

Jirani yangu hapa ni Nalongo, ndivyo wanavyomwita mama aliyezaa mapacha. Ni mtu mwema, usije ukamchukia kwa nitakayosema. Yeye hutengeneza mumbwa, vijiti vya udongo uliokandwa na majani ya dawa, ukaanikwa. Wanawake wa huku huutafuna wakiwa na mimba, na wasio na mimba hutafuna kwa utamu wake. Akaniona nimejikunja mlangoni.

"Mwanangu, dawa ya hospitari inachoma," akaniambia. "Kula hii kira siku, tumbo itakaa."

Na kweli likakaa. Nikawa nameza kidonge, kisha natafuna udongo. Asubuhi kidonge na udongo, jioni kidonge na udongo. Ukawa mtamu kwangu, una harufu ya vumbi la kwetu mvua ya kwanza ikinyesha. Tumbo likatulia kabisa, na chunusi nazo zikatulia pale pale zilipo. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, kioo hakina habari mpya.

Jua nalo sikulikimbia. Alhamisi moja pale Mbale lori lilishushwa saa sita mchana, nikasimama juani kwa saa mbili nahesabu ndoo. Kumbe dawa ile huifanya ngozi iwe nyepesi kwa jua. Uso ukawaka, kesho yake ukachubuka, ukawa mabaka meusi juu ya chunusi. Nikarudi Bugembe nimejifunika leso mpaka machoni.

Wiki hiyo hiyo ndiyo uliyomwambia Mghoi akupigie simu ya video. Nilikuwa ufukoni mwa Nile na wenzangu wa kanisani. Nilipoona ni video nikaigeuza simu upande wa pili, nikakuonyesha maji. Ulikuwa umeisogeza simu mpaka kwenye jicho, niliona kope zako zimejaa kwenye kioo. Nikaanza kupayuka, ona mto, ona mitumbwi, ona ng'ambo ile. Ulingoja nimalize. Kisha ukasema, "Mto ni mzuri, Mama. Lakini mimi sikuomba mto." Nikakujibu kamera ya mbele imeharibika. Ukasema sawa. Nikabandika plasta juu ya ile kamera jioni ile ile, ili hata nikibonyeza kwa bahati mbaya usinione.

Na Agosti, Baba. Nilikwambia bosi amekataa kunipa ruhusa. Mzee wa watu alinipa wiki mbili bila ubishi. Mimi ndiye niliyezirudisha. Nilimwambia safari ya nyumbani imeahirishwa, akashukuru kwa kuwa mzigo ulikuwa mwingi. Hili ndilo zito kuliko yote katika barua hii. Mghoi, lisome mara ya pili.

Nalongo peke yake ndiye niliyemwambia ukweli. Alikuwa anaanika vijiti vyake, akaacha, akaniangalia.

"Baba yako anataka ulembo, ama anataka mutoto?"

Nikamwambia yeye haelewi. Mama husema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nalijua neno hilo tangu utotoni, ila nilidhani linahusu magonjwa ya maana. Nani angefikiri linahusu chunusi?

Mwisho wa Agosti nikarudi kwa Afande kulalamika kwamba dawa zake ni za bandia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye blauzi yangu, palipokuwa na vumbi jeupe.

"Nini hii?"

"Udongo, Afande. Wa tumbo."

"Nakula lini?"

"Nikishameza dawa. Kila siku."

Akavua miwani. "Binti, sikia. Hii udongo nakamata dawa ndani ya tumbo, nafunga yeye, natoka na yeye choo. Miezi mbili wewe natibu choo."

Nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia, halafu kicheko kikageuka. Afande akaniuliza kwa nini nalia, chunusi si ugonjwa wa kuua. Nikamweleza habari zako. Akasema, "Nenda nyumbani leo. Dawa utakunywa huko huko." Nikamjibu nitakwenda, nipe tu wiki sita, sasa nimejua kosa. Akaninyooshea pakiti nyingine, akanionya kwamba dawa hii si ya kuchezea, hawezi kunipa bila mwisho. Kisha akamwita mgonjwa mwingine. Kama angenifokea labda ningekwenda.

Nikaacha udongo. Nikameza baada ya chakula, kwa maji gilasi mbili, nikakaa wima nusu saa kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikavaa kofia pana kule Mbale mpaka vijana wa sokoni wakaniita Bibi Harusi. Wiki ya tatu, zile kubwa za shavuni zikaanza kukauka. Ya tano, shingo ikatakata. Nilikuwa nahesabu siku kwa furaha, nakuapia. Nilikuwa nimeshachagua na gauni.

Wiki hiyo ya tano ndiyo uliyonipigia, saa moja asubuhi, nikiwa nafungua duka. Ulisema, "Mama, leo nimemgombeza mama yako bure. Nimemuuliza kwa nini hafungui dirisha na kumekucha. Kumbe lilikuwa wazi." Ulisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho. Nilikaa chini juu ya mabeseni. Nikaanza kusema habari ya kuja kwangu, nikashindwa, wewe ukanisaidia kwa kusema, "Haidhuru. Uso wako ninao."

Ulio nao ni wa miaka mitatu iliyopita, Baba, nilipokuja mara ya mwisho, na siku ile nilikuwa na haraka ya kuondoka. Imedhuru. Ulikuwa na miezi sita ya kuniona, tundu likiwa bado lina mwanga, nami nilikuwa na afya, ruhusa, na basi linapita hapa barabarani kila siku. Ulitaka kumwangalia mtoto wako. Mimi nikadhani unataka kuangalia picha.

Vidonge vilikwisha wiki mbili baadaye. Afande amesema basi, inatosha, niendelee na ya kupaka tu. Uso umepona. Yule mama wa Mbale ameniuliza natumia sabuni gani. Asubuhi najiangalia kwenye kioo namwona nyanya, mzima kabisa, hana hata doa la kuonekana kwa mbali, na sijui nimwonyeshe nani. Ile plasta nimeibandua, kamera inafanya kazi vizuri.

Nimepewa ruhusa ya Krismasi, na mara hii siirudishi. Barua nimempa dereva anayeteremka Mombasa, ataiacha kwa muuza matunda pale stendi ya Voi, Mghoi aichukue. Nimetaka itangulie, ili nisije nikaingia mlangoni tukakumbatiana, watu wakapiga vigelegele, uongo wangu ukazikwa humo ndani.

Nisalimie Mama, mwambie asikupunguzie maneno yangu. Msalimie shangazi aliyenilea nilipokuwa sekondari, na mjomba fundi baiskeli, mwambie sijasahau kofia aliyoniagiza. Msalimie mchungaji, aniombee, lakini asilitaje jina langu mbele ya kanisa. Mghoi, wewe nakushukuru, najua haikuwa kazi nyepesi.

Baba, nikifika usikubali mtu akueleze nilivyo. Majirani watakwambia binti yako anang'aa, na hawatakuwa wamedanganya. Nitaketi mbele yako, unishike uso wewe mwenyewe. Taya la kushoto, chini ya sikio, utakuta mashimo manne. Hayo Afande amesema hayatoki. Vidole vyako vikifika hapo, nigombeze kwanza. Kunisamehe kuje baadaye.

Ni mimi binti yako, Mama yako,

Wakesho