Miimo ya Mlango wa Baba

Houston, Texas
14 Septemba

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini goti limepoa na mvua imeshafika Nkubu. Mimi ni mzima, ila joto la huku bado halijatuachilia. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningezungukazunguka tu.

Unamkumbuka Bi Lerner, yule mama mzee Myahudi niliyekuwa nikimtunza. Mwezi uliopita alihamia kwa bintiye, Dallas. Kwenye mwimo wa mlango wake kulikuwa na kijisanduku cha shaba, chembamba kama kidole, wanakiita mezuza. Kila tulipotoka nilisimamisha kiti chake cha magurudumu, nikamwinua, akakigusa, kisha akabusu vidole. Miaka minne hatukuruka siku, hata tukichelewa kliniki.

Siku ya kuhama mwanawe alileta bisibisi, kwani walionunua nyumba si Wayahudi. Bi Lerner akaomba nikifungue mimi, akisema mikono yangu ameizoea. Ndani mlikuwa na kipande cha ngozi kilichoviringishwa, kimeandikwa kwa mkono. Nikamuuliza kinasema nini. Akanitafsiria polepole, na Mama, yalikuwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, yale yale aliyoyaandika Baba kwa rangi ya buluu kwenye miimo yetu. Nikamwona Baba juu ya stuli, ulimi umetokeza pembeni akivuta herufi, wewe ukimwambia mstari umepinda, naye akisema Mungu husoma hata yaliyopinda. Bi Lerner akauliza kama mlango huo bado upo. Nililia, sikumjibu.

Nakujibu wewe. Fundi Nyaga hakuiba ile miimo alipotubadilishia mlango. Ni mimi niliyeichoma jikoni, wewe ukiwa kanisani. Baba alikuwa na miezi miwili tu kaburini, na kila nilipoipita ilipoegemezwa uani nilisoma ile ahadi ya siku nyingi nikajaa hasira. Uliposema ni Nyaga, niliogopa, nikanyamaza. Ukaacha kumsalimia, sasa ni miaka kumi na mmoja.

Jumamosi nilimpigia nikamwomba msamaha. Akauliza kama wewe umejua. Nikamwambia bado. Akasema alishakuja kwetu mara mbili hukumfungulia. Safari hii atangoja uende wewe.

Nisamehe, Mama. Msalimie Mwenda na watoto wake, na akina mama wa kanisani. Nangoja sauti yako, hata ikiwa kali.

Binti yako,
Kathure