Majina ya Kusomwa Getini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwezi wa notisi umekwisha. Meneja, Bwana Maina, ameieleza kamati ya chama kwamba unga umepanda bei, tanuri la pili limezimwa tangu Disemba, na kiwanda cha mikate hakiwezi kutubeba sote tena. Thelathini waondoke, ama wote mia moja na kumi tukae nyumbani. Hesabu yake sikuweza kuipinga. Utaratibu niliupinga! Nilisimama, mimi katibu wa chama, nikadai mambo mawili: aliyeajiriwa mwisho aondoke kwanza, na majina yasomwe getini, mchana, kwa sauti yangu, asije mtu akafutwa kwa barua ya kufichwa. Makofi. Maina alikubali upesi mno. Nilidhani nimeshinda.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma kumi na watano wa kwanza, wote wa kuanzia 2019; kumi na watano wa pili ni Ijumaa. Nilisoma vizuri — polepole, kila jina kamili. Kiplagat, mpakiaji, alikuwa wa tisa. Hakungoja wa kumi; mimi niliendelea kusoma.

Hawakunivamia mimi. Waliwavamia ambao hawakusomwa. Bramwel, aliyeoka hapa miaka kumi na tisa, alichapwa kwa ule mti mrefu wa kutolea mikate tanurini, mpaka ukavunjika. Kisha akachapwa kwa kipande. "Utabaki kula na nani, mzee?" Kiplagat aliuliza, kila pigo na swali lile lile. Meno kwenye changarawe. Gari la mikate likachomwa. Watu wakachomoa mikate motoni wakaila, macho yakiwatiririka kwa gesi ya polisi — na mimi bado nimeshika kipaza sauti, nikiomba utulivu kwa lugha safi.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitalini. Taya la Bramwel limefungwa waya. Ameniandikia kwenye boksi la dawa: mbona wewe hawakukugusa? Nikamjibu kwamba wananiheshimu. Mkewe, Abigail, akacheka kicheko kibaya. "Wanakungoja, Ignatius. Si wewe ni wa 2017 tu? Kesho utajisoma."

Kweli. Kwa kanuni yangu mwenyewe nimo katika orodha ya pili. Nilijua tangu Jumatatu. Ndiyo maana niliweza kusimama pale bila haya.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi. Nimejifungia katika chumba cha kupimia unga.

Orodha nimepewa sasa hivi. Wa kumi na tano ni Zeituni wa Matungu, aliyeajiriwa 2014. Jina langu halimo! Nikamuuliza Maina. Hakuona aibu: nani atawatuliza watu hawa nikienda? Nami, mtu wa maneno mengi, nikasema asante. Asante! Mdomo ulitangulia.

Geti linatikiswa. Jiwe limepita dirishani. Vioo vimezama ndani ya unga. Askari wamerudi nyuma hadi barabara ya Webuye. Namwona Kiplagat akilipiga bati la geti kwa kile kipande cha mti, bado kina weusi wa damu. "Katibu! Toka! Si unatusomeanga vizuri?"

Nikisoma kama ilivyoandikwa, Zeituni anaondoka badala yangu, na baada ya jina la mwisho watanijia mimi. Nikilisoma langu, nitatoka mzima. Hiyo ni haki, au ni taya langu ninaloliokoa? Siwezi tena kutofautisha. Juzi ningeweza.

Nimelikata jina la Zeituni.

Maina amechungulia kwenye ufa wa mlango, ameona kalamu. Anaupiga mlango mateke, anataka karatasi yake. Ananiita mjinga, ananiita ndugu. Nje, Zeituni anawasihi wenzake, koo limemkauka kwa saumu: "Mwacheni asome, jamani. Huyu haruki jina la mtu."

Bawaba moja imeng'oka. Nimeandika Igna —