Mapishi Yaliyomo Kwenye Sufuria ya Presha

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haanzi kueleza shida zake kabla ya kuamkia, na mimi leo nina shida.

Kwanza habari za nyumbani. Kahawa tumeichuma. Migomba ya upande wa mfereji imeangushwa na upepo. Ng'ombe wako anamkataa kila mtu ila mke wangu Anna, na hata yeye mpaka avae kanga yako. Anna amejifungua, mama. Ni mtoto wa kike, na jina tumempa lako kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo jina hilo linaitwa tena humu ndani, na kila likiitwa mimi nageuka kutazama mlango wa jikoni. Sijazoea.

Sufuria ya presha aliyokuletea dada Aikande kutoka Dar, ile usiyoiweka motoni hata siku moja kwa kuogopa itapasuka, bado iko juu ya kabati la vyombo, na karatasi zako za mapishi bado zimo ndani yake. Vitabu vya upishi viko pembeni, kile cha misheni kisicho na jalada na kile cha sayansi kimu ambacho hukuwahi kutuambia ulikitoa wapi.

Watu walidhani ulikusanya mapishi ili upike. Sisi tuliokula kwako tunajua. Tulikula mtori wa ndizi na mifupa, tulikula kiburu cha ndizi na maharage, Jumapili machalari ya ndizi na nyama, basi. Mapishi ya watu wewe ulikuwa unayasoma. Mchana, ng'ombe akishapewa majani, ulijinyoosha kwenye kochi na miwani yako iliyofungwa uzi, ukachomoa karatasi moja na kuisoma taratibu huku unameza mate. Yule mke wa mchungaji mgeni alikuandikia samaki wa nazi wa kwao Pangani, na wewe nazi hukuwahi kununua. Ulipomaliza kusoma ulisema, "Leo nimekula Pangani," kisha ukasinzia. Nilikuwa nakucheka. Siku hizi nazisoma mwenyewe, kwenye kochi hilo hilo, na mate yananijaa kweli.

Na hakuna mgeni aliyetoka hapa bila kuandika. Ulimwekea kalamu kando ya kikombe cha chai na kumwambia, "Andika kwa mkono wako. Ya kusimuliwa sitaki." Hata bibi Ndekusara, ambaye kushika kalamu kulimtoa jasho, ulimwacha ahangaike asubuhi nzima na ukanifukuza nilipotaka kumsaidia. Karatasi yake ina mistari michache tu, herufi kubwa za kupanda na kushuka, na doa la mafuta pale alipoegemeza kidole. Ukiishika unamwona kabisa alivyobana midomo. Ndiyo maana zinanishika, mama. Kitabu cha dukani kinaniambia nipike nini. Hizi zinanionyesha nani alikuwa anapika.

Siku zile za mwisho, hata maji yanapita kwa taabu, ulinishika mkono ukasema, "Karatasi zangu usizitawanye." Nikasema ndiyo. Ningesema nini kingine?

Basi Anna alipojifungua, mama yake alishindwa kuja kutoka Mkuu kwa sababu ya miguu, na wewe hupo. Nikaingia jikoni mimi. Majirani wamecheka mpaka wamechoka, mwanaume analea mzazi! Wacheke. Nilitoa karatasi zote nikazitandaza kitandani kutafuta mtori wako. Nikapata mtori wa mama mmoja wa Kirua Vunjo, wa Marangu, hata wa mwalimu mmoja anayeutilia karoti. Wako haukuwamo. Hakuna pishi hata moja lenye mwandiko wako. Nikapika kwa kufuata za wenzako, na maziwa yakanikatikia kila mara. Anna anakula, anashukuru, halafu anasema polepole, "Si wa mama."

Nilikasirika. Si na Anna. Nilikukasirikia wewe. Umekaa miaka yote ukiwadai wanawake wa mlima mzima mikono yao, na wa kwako hukuuacha hata kwa ajili yetu. Nilizirudisha karatasi kwenye sufuria na kuifunika kwa nguvu, kisha nikakaa pale nikalia kama mjinga.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Naomi amekuja, binti wa rafiki yako wa kwaya, mama Naomi, aliyekutangulia. Ameolewa Kirua Vunjo na mwanawe anapata kipaimara. Alitaka karatasi ya mama yake, ile ya keki ya mkaa, keki inayookwa kwenye sufuria na makaa juu ya kifuniko. Nikamwambia aipige picha kwa simu. Akasema, "Picha ninazo nyingi, kaka. Sina hata mstari mmoja alioandika." Kumbe baada ya msiba kaka zake walisafisha nyumba, wakachoma karatasi zote pamoja na godoro. Nikamweleza neno lako, kwamba zisitawanywe. Hakubishana. Alikunywa chai yake, akamtazama mtoto, akaaga.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nikilala nakuona wewe unanikataza, nikiamka namwona Naomi anavyoshuka kwenye kile kinjia bila kugeuka nyuma.

Jumapili baada ya ibada akarudi. Alikuwa na kitabu cha nyimbo cha mama yake, ndicho kitu pekee alichokwenda nacho kwa mumewe. Ndani yake akatoa karatasi iliyokunjwa, akaniwekea mezani. Akasema, "Kaka Eliamani, mimi nimekuletea mama yako. Wewe nipe mama yangu."

Mwandiko wako, mama. Zile k zako zenye mkia. Umeandika, "Mtori wa mzazi. Mifupa ianze peke yake. Ndizi ziwe mshare, zisubiri mpaka mifupa ilainike. Maziwa mwisho kabisa, moto umeshatolewa. Mzazi asipewe uliolala. Hivi ndivyo mama mkwe alivyonipikia nilipomzaa Eliamani, nikasahau uchungu wote."

Maziwa mwisho, moto umeshatolewa! Na mimi nilikuwa nayachemsha.

Ndipo Naomi akaniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kulisema. Kila uliyempa kalamu, nawe ulikaa upande wa pili wa meza ukamwandikia la kwako, akaondoka nalo. Mimi nilikuwa nafukuzwa, sikuona. Kumbe mkono wako umo kwenye nyumba za watu mlima mzima. Hata Pangani huenda umefika.

Nikaishusha sufuria. Naomi aliisoma karatasi ya mama yake mlangoni, kwenye mwanga, na katikati akaangua kicheko, kwa sababu mama yake aliandika, "Sukari ya kutosha, si kama ya wifi yangu." Alicheka huku machozi yanamtoka, akaiweka kifuani ndani ya gauni, akaondoka nayo. Anna naye siku hiyo alimaliza bakuli la mtori niliopika kwa karatasi yako, akaomba tena.

Nimevunja neno lako, mama. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mama Naomi huko mliko. Na sijutii. Ulinipa nizitunze, na mimi sikuona namna ya kumtunza mama wa mtu huku mwanawe anamlilia mlangoni kwangu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Nitazisoma zote kwanza, nitazinakili kwa mkono wangu, kisha nitamtafuta mtoto wa kila aliyeandika. Atakayekuja mikono mitupu atapewa vile vile. Bibi Ndekusara ana mjukuu hapo chini, naanza naye.

Pumzika, mama. Mjukuu wako anakua, ana mashavu yako. Za wenzako nitazirudisha kwao zote. Yako siitoi.

Mwanao,
Eliamani