Inchi Nne Chini ya Mchoro

Dada yangu,

Keti kwanza, maana nimepewa kazi ya jumba zima!

Makabati ya jikoni niliyomtengenezea yule bibi tajiri tuliyafunga jana, kumbe yamekaa inchi nne chini ya mchoro. Fundi mkuu akanijia juu: "Umepima kwa macho?"

Bibi mwenyewe, kafupi lakini kana sauti, akanyoosha mkono, akafika rafu ya juu bila kigoda. Akapiga kigelegele! "Asiyaguse mtu. Na ya vyumbani atengeneze huyuhuyu."

Nikapima tena, nikatambua. Ni urefu wa ile rafu niliyomtengenezea mama, asipande kigoda.

Mlimzika bila mimi, dada. Mikono yangu bado haijapata habari.

Mdogo wako, mwenye vumbi la mbao mpaka masikioni