Karavani ya Watu Wanane

Jumatano, hapa Ibra, Omani. Leo joto limekuja na vumbi lake, mpaka mitende ya jirani imekuwa myeupe. Magharibi nimeshaswali, Mama nimeshampa dawa yake, na sasa nimekaa jikoni na simu. Roho imenisusa. Wacha niandike, maana sina wa kumwambia.

Mwezi mzima huu napanga safari ya familia. Tunakwenda Uturuki, pwani, tukae wiki nzima kwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu yenye jiko na vitanda ndani. Fikra ni ya kaka yangu Salim, anayekaa Maskati. Kazi ni yangu mie. "Wewe huna watoto, una nafasi," kaniambia, wala hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Basi nimehangaika. Nimetafuta karavani iliyo karibu na maji, Mama asitembee sana. Nimeuliza ngazi zake ziko ngapi, kwa ajili ya magoti yake. Nimekusanya pasi za kusafiria za watu wote. Chuoni kazi yangu ni kuandikisha wanafunzi, kwa hiyo majina ya watu hayanishindi. Jumapili nikachukua rula, nikaichora ile karavani kwenye karatasi, kila mtu na pa kulala. Mama kitanda cha chini, karibu na choo. Salim na mkewe chumba cha nyuma, watoto wao wawili vitanda vya juu. Dada yangu Zuhura na mumewe pale kwenye meza, ambayo usiku inakunjwa ikawa kitanda. Binti yao kwenye kochi.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la wasap. Mashallah, mashallah! Mikono ya dua, mioyo myekundu. Wifi akauliza kama mito ipo au abebe yake.

Ndipo nilipoitazama tena ile karatasi. Karavani ya watu wanane, na wanane nimewapata.

Mie simo.

Wallahi sikukusudia. Ni mazoea tu. Nimelelewa katika nyumba ambayo mwenye kupakua hajihesabu. Wageni wakija nachungulia ukumbini, nahesabu vichwa, napakua masinia, na changu kinabaki chunguni. Mama ndivyo alivyonifunza, na yeye alifunzwa hivyo Unguja: "Chako kimo chunguni, hakikimbii." Miaka arobaini na tatu sasa, nakula nimesimama, nakwangua ukoko, na sikuwahi kuona tabu. Nami karavani nimeipanga kama ninavyopakua wali.

Kosa langu, sawa. Lakini siku tatu zimepita na hakuna aliyeliona. Sikusema kitu. Nilitaka nione. Jumatatu nikajiambia watu wana kazi zao. Jumanne Zuhura kapiga simu, tumezungumza habari za mito na mafuta ya jua robo saa nzima, na mie nangoja. Akaaga. Nikabaki nimeishika simu kama mjinga.

Sina hasira nao.

Uongo. Ninazo, tena nyingi.

Leo baada ya alasiri Mama kaomba aione hiyo nyumba ya magurudumu. Kavaa miwani, kaweka kidole kwenye kila kitanda, anauliza hapa nani, na hapa nani. Tulipomaliza kainua uso. "Na wewe?"

Nikacheka, nikamwambia mie nitajibanza popote. Yeye hakucheka. Kavua miwani, kasema, "Mie ndiye niliyekufunza kula chunguni. Sikukufunza vizuri, mwanangu. Waambie."

Nikakimbilia jikoni, nikalia. Mama aliponiita nikasema nakata vitunguu. Vitunguu vyenyewe vilikuwa havijamenywa.

Kisha nikaandika kwenye kundi: "Tuko tisa." Maneno mawili tu, kama naomba talaka.

Salim kajibu papo hapo: "Wa tisa nani?"

Loo! Nimeyasoma maneno hayo sijui mara ngapi. Adhana ikalia, nikaenda kuswali, nikarudi, nikayakuta pale pale. Kaka yangu tumenyonya ziwa moja. Kila Ijumaa huja kutoka Maskati kula wali wangu, na huniambia mimi ndiye nguzo ya nyumba. Labda ndiyo hivyo, nguzo hakuna anayeiuliza italala wapi.

Sikutaka kumjibu "mimi". Nimejiandika kama nilivyowaandika wote: Rahma, kisha jina la baba, kisha la babu, kisha tarehe ya kuzaliwa. Nilipofika kwenye namba ya pasi ikabidi nifungue droo. Pasi yangu imekwisha muda tangu mwaka juzi. Mie, niliyezikagua pasi za watu wanane moja moja!

Nimetuma hivyo hivyo, bila namba. Wote wameshasoma, naona alama zimegeuka buluu. Hakuna aliyejibu.

Ndani Mama anauliza kama nimeshakula. Nimemwambia bado. Kasema nilete sinia, nikae chini, tule pamoja.

Kesho nikitoka kazini nakwenda kupiga picha ya pasi, wajibu wasijibu. Mama kasema nivae mtandio wa kijani.