Kwa Maganga, Kuhusu Ndoo za Usinge

Mtani wangu Maganga,

Shikamoo sikupi, hata sasa. Mgogo hamwamkii Mnyamwezi, na kufa kwako hakujabadilisha hilo.

Nakuandikia nikiwa kwenye ofisi yetu hapa Ipuli, kile chumba cha nyuma ya duka la madaftari. Nina habari mbili, moja ya kujivunia na nyingine ya kukiri. Naanza na ya kujivunia kwa sababu ndiyo kubwa.

Aina zako za data zimefanya kazi, Maganga! Zile ulizozichora kwenye daftari ukiwa kitandani hospitali, ukamtuma dada yako aniletee. Unajua tulivyokuwa tumepanga mambo: programu yetu inasoma fomu ya kila kituo cha kununulia asali, halafu wakati wa kukompaili, yaani kompaila inapoikagua na kuigeuza lugha ya mashine, inaandika yenyewe msimbo wa kituo hicho. Mimi nilitaka kila kitu kiitwe namba, basi, yaishe. Wewe ukashikilia kwamba namba tunayoijua leo tukiwa Tabora mjini si sawa na ile itakayojulikana siku mzee wa Usinge atakapoweka ndoo yake kwenye mizani. Kila moja ipewe aina yake, ulisema, ili zikichanganywa kompaila ikatae. Nikakujibu kwamba huo ni urembo wa mtu asiye na kazi. Tulinuniana siku mbili.

Ulipoondoka nikalifungua daftari. Aina yako ilikuwa na nafasi tano za kujaza, na mimi baada ya wiki tatu nimezipunguza zikabaki mbili tu: hiki ni kitu gani, na kitajulikana lini. Imekuwa safi, mtani. Mgeni anaisoma mara moja anaelewa. Jumanne asubuhi nikaikompaili kwa mara ya kwanza, na ikakataa.

Ikakataa mstari wangu. Si wako, wangu.

Sasa nikiri. Siku ya mazishi yako nilizuia jeneza mlangoni kwenu Chemchem, kama mtani anavyopaswa, nikatangaza mbele ya kwaya na ukoo wenu mzima kwamba humu amelala mtu aliyenunua ndoo akaziita asali. Watu walicheka hadi wabeba jeneza wakayumba. Msimu mzima uzito wa asali ulikuwa unatoka na kasoro, na nilikuwa na hakika kosa ni lako kwa kuwa wewe ndiye uliyeandika sehemu inayozalisha msimbo. Kumbe ni mimi. Nilipima ndoo moja tupu hapa ofisini, nikaukaza uzito wake ndani ya msimbo ili ndio utolewe kwa kila ndoo ya asali, kana kwamba Usinge nzima inabeba ndoo za duka moja. Na wewe nimekuzika na lawama yangu. Nilipouona ule mstari nilikaa nikalia, Maganga, nalia na huku naisifu aina yako.

Maneno ya mbele ya jeneza hayafutwi kwa simu. Nilingoja arobaini yako, nikasimama pale pale mlangoni, nikasema mwenye ndoo ni mimi. Nikaomba ndoo mbili na chaki. Moja nikaiandika uzito wake, nyingine nikaiandika alama ya kuuliza tu, nikawaeleza jinsi kompaila inavyozitofautisha sasa. Mjomba wako akauliza kama hayo uliyabuni wewe. Nikasema ndiyo, kwa kifua mbele kama nimekuzaa.

Mama yako hakucheka. Alinivuta pembeni akanishika mkono. "Nilijua kosa si lake, mwanangu. Alinieleza akiwa mgonjwa. Akasema wewe ukiambiwa utabisha, kwa hiyo atakuandalia kitu ukione mwenyewe."

Nilibaki nimeshikwa mkono hivyo hivyo mpaka chai ikaletwa.

Basi pumzika, mtani. Jina lako liko mstari wa kwanza wa kazi hii na langu liko chini yake. Kuanzia msimu huu vituo vyote, Usinge mpaka Ulyankulu, vinapima kwa aina zako. Nakuahidi nitazitunza, na yeyote atakayekuja kufanya kazi nami nitamweleza zilikotoka. Nitamweleza na kosa langu, lote, kabla hajaniuliza.