Niliposimama kanisani

Yanori, nimesimama. Mimi! Kwa miguu yangu mwenyewe!

Leo ibadani mchungaji kasema, "Anayepinga ndoa ya mwanamume na mwanamume, asimame mbele za Mungu." Mji wetu mzima wa Turrialba ukanyanyuka. Mama akanivuta mkono: "Inuka, watu wanatutazama!"

Nikasimama.

Mdogo wangu wa kiume, Eliécer, akabaki amekaa, peke yake benchi zima. Hakukasirika, Yanori. Aliniangalia tu. Nikifumba macho, namwona ananiangalia.

Na pete zake na za mchumba wake Fabricio zilikuwa mkobani mwangu, maana Jumamosi wanaoana na mimi ndiye msimamizi wao! Nimesimama na mkoba wenye pete zao begani!

Sasa hivi kaniandikia: "Dada, Jumamosi nimekuwekea kiti cha mbele. Njoo ukae na mimi."